Bunduki ya Mzee na Ukuta wa Jikoni

Karibu kila kitu ninachokijua kuhusu risasi nilifundishwa na mama mkwe wangu, na siku aliyonifundisha sikumwona hata kidole. Yeye alikuwa ndani ya jiko lake la mbao akichochea moto. Mimi nilikuwa nje, nimekalia kreti la soda lililopinduliwa, nimeupa ukuta mgongo, macho yangu kwa zizi la ng'ombe. Hivyo ndivyo tulivyozungumza siku zote, na hivyo ndivyo tunavyozungumza hadi leo.

Sababu ni kwamba mimi ni Mbukusu wa Bungoma, tena wa kulelewa na nyanya. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hampi mkono, hali chakula mbele yake, wala hamkazii macho. Vijana wa siku hizi wanalegeza, wengine hata wanapiga picha wakiwa wamekumbatiana na mama wakwe zao, lakini mimi nikijaribu nahisi nyanya ananifinya sikio kutoka kaburini. Mke wangu, kwa upande wake, ametoka katika familia iliyohama mkoa wa kati zamani na kununua shamba nje ya Kitale, upande wa kuelekea mlimani. Kwao mama mkwe humshika mkwe wake mkono, humpakulia, na kumuuliza mbele ya watu wote mbona amekonda.

Hakuna aliyemwonya mama mkwe. Mara ya kwanza nilipokwenda kwao nikiwa mkwe kamili, mama aliingia sebuleni na kikombe cha chai. Mimi nikainuka na kutoka kwa mlango wa nyuma. Alidhani sijamwona, akanifuata na kikombe. Nikapita nyuma ya tangi la maji, naye akapita nyuma ya tangi la maji. Tuliizunguka nyumba mara mbili, yeye na chai yake, mimi na adabu zangu, hadi akaamua kwamba nina shida ya tumbo. Akamtuma binti yake aniletee karatasi ya choo.

Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi. Alipomaliza kucheka alimweleza mamake, nami nikiwa nyuma ya ghala la mahindi nikasikia jibu lake.

"Ati hawezi kuniangalia? Si mimi ndio nimemzalia bibi? Haki, huyu mtu wa Bungoma ameniona mimi ni chui!"

Tulifikia mapatano baada ya muda. Yeye angekaa jikoni, mimi ningekaa nje kwenye kreti, na ukuta ungetulindia heshima. Nilidhani ananihurumia. Kumbe aliupenda ule ukuta kuliko mimi. Mtu asiyekuona unaweza kumwambia chochote, na mama huyo alikuwa na mengi ya kusema. Kupitia mbao zile nilijua ni ng'ombe gani anapiga teke, ni jirani gani anasogeza mpaka wa shamba kila msimu wa kulima, na ni mhubiri gani ameimba vibaya kwa miaka bila mtu kumwambia. Shida pekee ilikuwa mlangoni mwa jiko hilo. Aliuzuia usijifunge kwa mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, ule wa bati, na mimi nikipita kuliendea kreti langu nilijikwaa kwenye mkebe huo kila mara. Ulikuwa mzito ajabu. Nilidhani ameujaza mchanga.

Baba mkwe ni mtu mwingine kabisa. Mrefu, mpole, mwenye kofia ya sufu hata kukiwa na jua. Naye hatuna miiko mikubwa, kwa hiyo tuliketi pamoja na kutembea shambani pamoja. Shamba lake linapakana na msitu, na kutoka msituni asubuhi na mapema hutoka pongo, yule mnyama mwekundu mwenye madoa meupe kiunoni. Wengi wetu humwita swara, kama tunavyomwita swara kila mwenye pembe asiyefugwa. Pongo hupenda maharagwe machanga. Hali ovyo kama nyani, anayeng'oa na kutupa. Huchagua ncha laini, anatafuna polepole, anasonga mbele mstari kwa mstari. Asubuhi ukifika unakuta mistari mitatu imenyolewa.

Kwa sababu hiyo Mzee alikuwa na bunduki. Ilikuwa ya marisau, ile ambayo risasi yake moja hubeba vipande vingi vidogo vya chuma na kuvitawanya. Ilikuwa na mitutu miwili, na kitako kilichopasuka na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Leseni yake ilisema ni ya kulinda mazao. Haikusema kuwinda, maana kuwinda kulipigwa marufuku hapa kwetu zamani sana, na ukimwangusha pongo, hata kama amekufa na maharagwe yako mdomoni, maafisa wa wanyamapori watakuja na gari lao na wewe utalala ndani.

Kila msimu wa maharagwe, jua likianza kuchomoza, Mzee alikwenda kwenye ukingo wa shamba, akalenga kwa makini yote, akafyatua. Na kila msimu alikosa. Pongo alishtuka, akaruka, akarudi msituni na tumbo lake limejaa. Majirani walikuwa wamezoea. Kina mama walimtumia kama kengele: Mzee amepiga, amka uoge uende shule. Sokoni walimtania kwamba bunduki yake imeokoka, haiwezi kumwaga damu. Yeye alicheka nao, lakini niliona alivyoishika kofia yake wakati wa kucheka, na sikupenda.

Hapa lazima nikiri jambo. Mimi ni afisa wa kilimo. Nimezunguka na pikipiki kutoka Misikhu hadi Cheptais nikiwaambia watu wapande nini na lini, na huko Malakisi nimewahi kubishana nusu siku na mkulima wa tumbaku juu ya upana wa matuta. Kwa hiyo mara ya kwanza Mzee aliponitembeza shambani, sikuweza kufunga mdomo. Kwenye ukingo wa msitu, katikati ya maharagwe, niliona wimbi, ile nafaka ya uji, limeota. Halikuwa kwa mistari. Lilikuwa limetawanyika kama ufagio uliofunguka, jembamba karibu nasi na pana kuelekea msituni. Nikasimama, nikashika kiuno.

"Mzee, mbegu yako imechanganywa. Huyo anayekuuzia ni tapeli. Kwa nini wimbi liote kwa maharagwe?"

"Ata mimi nashangaa, afisa," akasema.

Nilimpa somo la dakika kumi juu ya mbegu safi. Nilimwandikia kwenye karatasi jinsi ya kuchagua mfuko na kuangalia muhuri. Aliikunja karatasi ile vizuri, akaitia ndani ya kofia, akanishukuru. Msimu uliofuata wimbi lilikuwa palepale, naye alikuwa amelipalilia.

Kisha macho yake yakaanza kuondoka. Daktari alimwambia ni ule ugonjwa usiorudi nyuma, nuru itapungua kidogo kidogo hadi abaki na mwanga tu. Ofisi ya leseni nayo ikamwambia kwamba mtu asiyeona hawezi kukaa na bunduki, jambo ambalo hata mimi sikuweza kulipinga. Wanawe wawili wako mbali na hawataki hata kuona jembe. Basi akanipigia simu Bungoma.

Tulikaa kwenye benchi mbele ya nyumba. Alizungumza akitazama msitu, ingawa sijui aliona kiasi gani.

"Mkwe, hiyo kazi ya kulinda maharagwe sasa ni yako. Utatafuta leseni, tutaenda tuchague bunduki mpya, hii mzee mwenzangu tutairudisha kwa serikali. Lakini kuna kitu moja nataka."

"Sema, Mzee."

"Nataka nipige mara ya mwisho. Na nataka nimpate. Moja tu. Miaka yote hii nimekosa, watu wanacheka. Sitaki niingie kwa giza nikiwa mtu wa kukosa."

Nilimkumbusha sheria. Nilimwambia nitafutwa kazi, nitafungwa, binti yake atabaki bila mume na wajukuu wake wataniletea ndizi gerezani.

"Nani ataona?" akaniuliza. "Mimi mwenyewe si sitaona vizuri."

Alitabasamu, na nilikasirika kwa sababu alikuwa ananichekesha nisipotaka kucheka. Nilimpenda mzee huyo. Kumkatalia jambo moja, la mwisho, kulinishinda. Kumkubalia nako kulikuwa gereza. Nikasema tutaona, neno ambalo watumishi wa serikali tunalitumia tunapotaka tatizo lijiondokee lenyewe.

Leseni ilichukua miezi. Nilichukuliwa alama za vidole, nikaandika barua, nikahojiwa na chifu aliyetaka kujua mtu wa mbolea anatafutia nini bunduki. Nikamwambia ni maharagwe. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akapiga muhuri.

Duka la silaha lilikuwa ghorofani, mjini Kitale, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Tulipita kwanza kati ya magunia ya mbolea, na harufu ile ilinipa ujasiri, nikajiona niko nyumbani. Juu tulimkuta muuzaji mnene mwenye miwani, aliyetandaza bunduki tatu mezani juu ya blanketi, akazifungua na kutuonyesha kwamba hazina kitu ndani.

Nilitamani ile nyeusi mara moja. Ilikuwa ya kusukuma na kuvuta, na ilitoa sauti ya kuogopesha. Niliivuta na kuisukuma mara nne. Mzee akanyoosha mkono akanizuia.

"Bana, hiyo ni ya kulinda benki. Weka chini. Sasa funga macho."

"Kufunga?"

"Funga macho, inua, weka kwa bega vile inataka yenyewe. Usiisaidie. Haya, fungua. Unaona nini?"

Nikiwa na ile nyeusi niliona balbu ya dari. Na ya pili, ya mtutu mmoja, niliona sikio la muuzaji, ambaye alisogea kando haraka. Na ya tatu, ya mitutu miwili kama ile ya Mzee lakini yenye kitako kizima cha rangi ya asali, nilifungua macho nikakuta natazama moja kwa moja juu ya mitutu hadi dirishani, nje, kwenye bati la jengo la ng'ambo.

"Hiyo inakutosha," Mzee akasema. Hakuwa ameona nilichoona. Alisikia tu kwamba nimenyamaza.

Muuzaji akauliza, "Na risasi? Namba ngapi?"

Nyuma yake kulikuwa na maboksi yamepangwa, kila moja na namba yake, kutoka moja hadi tisa. Nikamgeukia Mzee. Mzee akageukia dirisha.

"Bunduki ni yake. Achague mwenyewe."

Nilijua huu ni mtihani, na nilijua nitafaulu. Maisha yangu yote nimefanya kazi na namba. Mbolea ya ishirini na tatu inaishinda ya kumi na saba. Mbegu ya mahindi ya mia sita na kitu ndiyo inayotoa gunzi kubwa hapa Kitale, na ya mia tano unaipeleka kule chini kwenye joto. Katika kazi yangu sijawahi kuona namba ndogo ikiishinda kubwa. Na Mzee alitaka kumwangusha mnyama mzima. Woga wa gereza niliuweka kando kwa muda, maana mtu hawezi kuwa na woga na maringo kwa wakati mmoja.

"Nipe tisa," nikasema, kwa sauti ya afisa.

Muuzaji alivua miwani. Alinitazama mimi, akamtazama Mzee. Mzee aliendelea na dirisha lake.

"Si umesikia afisa," Mzee akasema. "Tisa."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mlima, nililikalia kreti langu. Nilikuwa nimejikwaa kwenye mkebe kama kawaida. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Mmechagua gani?" mama akauliza kutoka ndani.

"Ya mitutu mbili, mama. Inanitosha kabisa."

"Na risasi?"

"Namba tisa. Ile kubwa zaidi."

Mwiko ukaacha kugonga. Kisha nikasikia kitu kikianguka, na baada yake kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwa mama huyo, kicheko cha msichana, kinakatika na kuanza upya. Kuku walitoka chini ya mbao wakikimbia.

"Tisa! Wuui! Tisa ni unga, wewe! Inarudi nyuma hiyo namba. Moja ndio marisau yake ni manene, ukienda juu inakuwa ndogo, ndogo, mpaka tisa. Tisa ni ya ndege wadogo. Swara akipigwa na tisa kutoka mbali atafikiria ni mvua!"

Masikio yaliniwaka. Nilishukuru mila za nyanya yangu kwa kuweka ukuta hapo. Nikamwacha acheke amalize, kisha afisa ndani yangu akarudi na swali.

"Mama, wewe umejuaje ndani ya risasi kuna nini?"

Kicheko kikaisha mara moja. Nilisikia moto ukilia. Nadhani kama ningekuwa namtazama asingesema kamwe. Lakini mimi nilikuwa mgongo tu, upande wa pili wa mbao.

Aliniambia. Msimu wa kwanza wa bunduki, Mzee alifyatua mara moja tu na pongo akaanguka. Alikuwa jike, na alikuwa na mimba. Mzee alimleta nyumbani kwa furaha, mama akakataa kumpika. Walimzika nyuma ya zizi. Hakumgombeza mumewe. Ila tangu siku hiyo, kila boksi la risasi lililoingia nyumbani lilipitia jikoni. Alitoa marisau, akatia wimbi la uji mahali pake, akazifunga vizuri na kuzirudisha kabatini.

"Na hayo marisau?"

"Si yako hapo kwa mkebe. Hapo kwa mlango."

Nikaugeukia mkebe uliokuwa umeniumiza vidole vya miguu kwa miaka. Nikalikumbuka lile wimbi lililotawanyika shambani, jembamba huku na pana kule. Nikaikumbuka karatasi niliyomwandikia Mzee kuhusu mbegu safi. Sijui ni lipi lililoniaibisha zaidi.

"Na Mzee hakuwahi kujua?"

"Mwanaume? Ataangalia nini. Yeye akikosa anakasirikia macho yake." Kisha akashusha sauti. "Leta hiyo boksi. Pitisha hapo chini, hapo kuku zinapita. Ata kama ni tisa, inaweza toboa mtoto wa swara macho."

Boksi lilikuwa mapajani mwangu, na sikulitoa. Nilikasirika. Nilimwambia, kwa heshima lakini kwa ukali, kwamba mzee huyu anaingia gizani akijiona si kitu, na wa kulaumiwa ni wimbi lake. Nilimwambia watu wanamcheka sokoni. Nilimwambia ameshika kofia yake miaka yote hii akidhani mikono yake ni mibovu, na kwamba mimi sitaki kuwa mtu wa kumpa aibu ya mwisho.

Nilimsikia akisukuma kuni motoni.

"Unafikiria sijui?" akasema. "Mimi ndio huwa namngojea hapa akirudi. Naona vile anaweka bunduki chini. Kila siku nasema leo nitamwambia. Halafu naona yule wa nyuma ya zizi, nanyamaza, nampatia uji."

Alikuwa analia, nafikiri. Ukuta ule haukunionyesha. Nililipitisha boksi chini ya ubao, nao mkono wake nisiouona ukalipokea bila kugusa wangu. Lakini moyoni niliapa kwamba kabla Mzee hajafyatua, nitamwambia ukweli. Ajue kwamba shabaha yake haikuwa na kosa. Mama angenisamehe baadaye, na kama asingenisamehe, basi si mimi tayari siruhusiwi kumwona?

Asubuhi tulikwenda ukingoni. Umande ulikuwa mwingi, nami nilimshika Mzee kiwiko ili asijikwae. Mimi ndiye niliyeibeba bunduki mpya, yeye akabeba risasi mbili kwenye mfuko wa koti. Pongo alikuwa ametoka tayari. Dume, pembe zimejikunja, yuko kwenye mstari wa nne wa maharagwe, anatafuna kwa adabu. Mzee hakumwona hadi alipotikisa mkia. Hapo akachukua bunduki, akatia risasi, akafumba macho, akainua, akafungua.

"Mzee," nikanong'ona, "hizo risasi, kuna kitu lazima nikuambie."

"Nyamaza. Utamfukuza."

Akafyatua. Ndege wote wa msituni wakapaa. Pongo akaruka juu, akatua, akatutazama kwa dharau, akaingia msituni bila haraka. Kutoka nyumba ya jirani nikasikia mama akiita watoto waamke.

Sikuweza kuvumilia. Nilimwambia yote, kwa pupa, bila mpango. Kwamba hajawahi kukosa. Kwamba ni wimbi. Kwamba mama alianza tangu yule wa kwanza. Kwamba asiwasikilize watu wa sokoni, maana yeye ni mpigaji hodari kuliko wote Kitale nzima. Nilisema hadi pumzi ikaniishia.

Mzee aliikunja bunduki, akatoa ganda na risasi iliyobaki, akavitia mfukoni.

"Afisa," akasema, "bunduki yangu ilikuwa inasafishwa na nani?"

"Na wewe."

"Miaka ngapi?"

"Yote."

Akaingiza kidole mdomoni mwa mtutu, akanipakia kitu kwenye kiganja. Ilikuwa punje ya wimbi, imeungua nusu.

Niliigeuza ile punje kwa ukucha.

"Nimejua tangu msimu wa pili," akasema. "Ningemwambia najua, angeona haya, angeacha. Na akiacha, mimi nitapiga. Mimi sikosi, mkwe. Yule swara wa mimba nilimpata kutoka mbali sana. Sikutaka kupata mwingine. Lakini maharagwe pia nataka, na bunduki isipolia swara hataondoka."

"Na ile ya kusema unataka kumpata mmoja?"

"Hiyo nilitaka tu nione utapeleka risasi wapi. Ungeweka kwa gari yako na ufunge, ningekwambia leseni rudisha." Akaanza kucheka. "Halafu ukachagua tisa. Nikaona ata ukikataa kumpatia mama yako, hakuna shida kubwa."

Nilicheka pia. Nilimfikiria mtu huyu akisimama sokoni miaka yote hiyo, akichekwa, na jibu liko mfukoni mwake, na hakulitoa hata mara moja ili mkewe asione aibu. Sijui kama mimi ningeweza. Najijua, ningeliita soko lote lisikilize.

Tulitembea hadi kwenye wimbi lake. Lilikuwa limekomaa. Aliinama, akalipapasa kwa vidole, akavunja shuke moja na kulitia kwenye mfuko wa shati langu.

"Mavuno ya bunduki," akasema. "Na wewe ukasema nimeuziwa mbegu mbaya. Sasa sikia. Mama yako usimwambie."

Sijamwambia. Hiyo ndiyo hali yangu sasa. Naijua siri ya mama kutoka upande mmoja wa ukuta na siri ya Mzee kutoka upande wa pili, na ni siri moja. Kila msimu wa maharagwe naendesha gari kutoka Bungoma hadi Kitale na boksi langu la risasi. Siku hizi nanunua namba moja, ili mama asinicheke, na kwa sababu mkebe wa kwanza ulijaa na mlango wa ghala nao ulihitaji kizuizi. Nalipitisha boksi chini ya ubao, linarudi jioni, jepesi kidogo. Asubuhi nakwenda ukingoni, nafumba macho, nainua, nafungua, nafyatua. Majirani wameshaanza kusema kwamba ukosaji umerithiwa pamoja na bunduki, tena na mtu wa serikali. Namba zangu za mbolea hawaziamini tena kama zamani. Inaniuma, sitasema uongo.

Mzee sasa haoni isipokuwa mwanga wa mlango. Ananingojea kwenye benchi, kofia kichwani, uso umeelekea msituni. Husikia hatua zangu kwenye umande kabla sijafika, na mama huwa ameshaviweka vikombe viwili dirishani na kurudi jikoni.

"Umekosa?" Mzee huniuliza.

"Nimekosa, Mzee."

"Basi kaa, tunywe uji."